Nondo wa Harvard hakuwa "mdudu" wa kwanza

Watengeneza programu hupenda kusimulia kwamba kosa la programu huitwa "mdudu" (bug) kwa Kiingereza kwa sababu Grace Hopper, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alimkuta nondo ndani ya kompyuta. Nondo alikuwepo kweli (wa mabawa, si wa zege). Tarehe 9 Septemba 1947, waendeshaji wa Mark II, mashine iliyojengwa Chuo Kikuu cha Harvard, walimkuta kwenye relei (swichi ya umeme) namba 70, paneli F. Wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi, wakaandika kuwa ni mara ya kwanza kwa mdudu halisi kupatikana.

Hebu lisome tena hilo neno "halisi". Utani wote umo humo: makosa walishazoea kuyaita wadudu, ila safari hii akatokea mwenye miguu sita. Hata Thomas Edison aliziita hivyo kasoro ndogondogo za uvumbuzi wake, katika barua ya 1878.

Si Hopper aliyemkuta nondo. Alikuwa hodari wa kukisimulia kisa tu. Daftari limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, na nondo bado amebandikwa ukurasani.