Je, wajua kwa nini upepo hung'oa bati badala ya kulikandamiza?

Bati lililopeperushwa likatua kwenye mikorosho ya jirani, ligeuze ulitazame kwa chini. Mara nyingi utakuta papi, ule ubao mwembamba bati linapopigiliwa, bado imelishikilia, na misumari ya bati iko palepale ilipogongwa. Kilichoachia ni papi kutoka kwenye kenchi, zile mbao nene zinazobeba paa, maana pale fundi alipiga msumari mmoja wa inchi 3 akasema unatosha.

Lakini upepo huvuma kwa ubavu, mbona bati linapaa? Ukigonga ukuta, upepo hukosa njia, hupanda na kuruka juu ya paa, na katika kuruka huko huongeza kasi. Hewa inayopita kwa kasi hivyo hulielemea bati kidogo kuliko hewa iliyotulia darini, basi ile ya darini hulisukuma juu. Dirisha la upande wa upepo likifunguka ndiyo balaa: paa linajaa kama tanga la mashua ya Msangamkuu. Ule ushauri wa kuacha madirisha wazi "upepo upite" mimi siukubali hata kidogo. La upande unakotoka upepo lifungwe, tena kwa komeo.

Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 60 kwa saa husukuma mita moja ya mraba kwa nguvu ya kama kilo 17. Wa kilomita 120, karibu kilo 70. Bati la geji 30, kwa eneo hilohilo, halifiki kilo 3. Sasa yale mawe na matairi tunayopanga juu ya paa yatazuia nini? Yatakuja kumwangukia mtu tu. Kwenye kona na kwenye ukingo unaofunika baraza mvuto ni mkali zaidi, na huko ndiko paa huanza kufumuka.

Na tusijidanganye kwamba vimbunga ni vya Msumbiji. Aprili 1952 kimoja kiliingia Lindi. Kenneth, tarehe 25 Aprili 2019, kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mtwara watu walikuwa wameshaambiwa wahame mabondeni. Mei 2024 Hidaya kikaleta mvua iliyokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi.

Kwa hiyo pesa ya korosho ikiingia, kabla ya kuulizia bati za rangi, nunua waya mzito. Papi ifungwe kwenye kenchi, kenchi ifungwe kwenye nondo zilizoachwa wazi juu ya ringi bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta. Mnyororo wote ushikane mpaka ukutani. Kona na ukingo viongezewe misumari, ipigwe kwenye mgongo wa bati na si bondeni, la sivyo utavujiwa.

Siku yenyewe, bati zikianza kupiga makofi, usipande kuzishika wala usining'inie kwenye kenchi. Zima meni swichi, ondokeni barazani, ingia na watoto kwenye chumba kidogo cha katikati ya nyumba. Upepo ukikatika ghafla, usikimbilie nje kuokota bati. Huenda mko ndani ya jicho la kimbunga, yaani katikati yake palipotulia, na upepo utarudi kwa nguvu ileile, safari hii ukitokea upande ambao madirisha yake hukuyafunga.