Raba za kukimbilia milimani kipupwe hiki: anza na soli

Ikifika Mei, wakimbiaji hunijia kwenye kibanda changu cha ufundi viatu na swali lilelile: wanunue raba zipi za kupandia Mlima Loleza, hapa Mbeya, bila kumaliza mshahara? Wengi wameshasoma ushauri wa mtandaoni ulioandikwa na Wazungu, na kwao baridi maana yake theluji. Yetu ni nyingine. Mvua zikikatika, njia za msituni kule Rungwe hubaki na tope kwa muda. Kisha kipupwe kinakaza, na kwenye uwanda wa Kitulo, mita kama 2,600, unakuta majani yana sakitu alfajiri. Saa nne jua limeshaigeuza maji. Kiatu kitakutana na tope, umande na mawe, pengine siku hiyohiyo.

Kwa hiyo hela yako iweke kwenye soli. Kigeuze kiatu kabla hujapenda rangi yake. Meno ya milimita 4 au 5 yanatosha, ila yawe yameachana. Yakibanana, udongo wa Tukuyu unaganda katikati na hautoki, na mteremkoni unabaki na soli bapa. Kuna vijana wanakimbia na daluga. Kwenye nyasi zinashika, sikatai, lakini ile plastiki ngumu ikikanyaga jiwe lenye maji ni kama umekanyaga sabuni. Jiwe linataka soli ya raba laini. Bonyeza jino moja kwa ukucha: likibonyea kidogo likarudi, chukua, ukucha ukiteleza tu, raba imezeeka. Na baridi huikaza raba zaidi, basi iliyo ngumu sokoni Mwanjelwa mchana itakuwa ngumu mara mbili huko juu alfajiri.

Nimetaja Mwanjelwa kwa sababu mkimbiaji wa kipato chetu anapata kiatu chake kwenye mitumba. Belo la raba likifunguliwa, katikati ya viatu vya lami hukosi raba za mlimani za Salomon au Merrell moja moja. Muuzaji hupanga bei kwa rangi na usafi, soli haiangalii sana, na hapo ndipo pa kununulia. Pea iliyofifia lakini yenye meno kamili unaweza kuondoka nayo chini ya laki.

Ikunje mbele, pale vidole vinapokunjika. Ukiona mwanya mdogo kati ya soli na kitambaa, usiogope. Fundi anapiga gundi, anashona, unaendelea. Cha kuogopa ni sponji ya katikati. Ibonyeze kwa dole gumba ubavuni: ikiwa na mikunjo mingi na hairudi, imekufa, na goti lako ndilo litakalolipa. Angalia pia viatu vinavyoonekana vipya kabisa vilivyokaa stoo miaka mingi. Soli za poliyurethani huliwa polepole na unyevu wa hewani hata kiatu kisipovaliwa, halafu siku ya kwanza mlimani zinamegeka vipande. Hapo gundi haisaidii. Kwenye Salomon zenye kamba nyembamba ya kuvuta, jaribu kufuli yake palepale. Ikiwa haishiki, omba bei ishuke sana au uache.

Viatu visivyopitisha maji, vile vyenye Gore-Tex, sivishauri kwa huku, hata vikiwa rahisi. Ukivuka kijito maji yanaingia kwa juu, hayana pa kutokea, na kukauka ni siku mbili. Chukua vya neti, vaa soksi za sufu. Za pamba zinakaa na maji, ndiyo mwanzo wa malengelenge.

Saizi usiiamini kwa namba ya 42 au 43, kila kampuni ina yake. Pima unyayo wako jioni ukiwa umevimba kidogo, kisha ukiwa umevaa soksi zako hakikisha mbele panabaki upana wa dole gumba. Kiatu kikibana, kuteremka Loleza kutakung'oa kucha.

Ukirudi umelowa, usikianike kando ya jiko la mkaa. Joto linalegeza gundi na kuisinyaza sponji. Juni na Julai naletewa vingi vya namna hiyo. Toa soli ya ndani ikauke peke yake, jaza magazeti, yabadilishe yakilowa, ukiweke penye upepo.