Kabla ya kuandika gpupdate /force tena, soma ripoti

Mafundi wenzangu wa TEHAMA huniandikia ujumbe ambao sasa naujua kwa moyo: "Kaka, sera haimfikii mtumiaji mmoja. Nimepiga gpupdate /force, nimewasha kompyuta upya, bado." Sera hapa ni Group Policy, mipangilio ambayo seva ya ofisi huzigawia kompyuta za Windows na watumiaji wake, na gpupdate ndiyo amri ya kuisoma upya. Nikiuliza gpresult, amri inayotoa ripoti ya sera zilizomfikia mtumiaji, inasemaje, kimya. Hajaiangalia. Wiki hii ujumbe huo umekuja tena, na safari hii umetoka kwa mtu anayesimamia mtandao wa ofisi nzima, kwa hiyo najibu hapa ili wote tusome.

Amri ya gpupdate inafanya kazi moja. Inaiambia kompyuta iende kwenye seva ya domeni, yaani seva inayosimamia akaunti na kompyuta za ofisi, ikasome sera sasa hivi, isingoje zamu yake ya kawaida, ambayo huja kila dakika 90 na nyongeza ya kubahatisha ya hadi dakika 30. Ukiweka /force, sera zote hutekelezwa upya, hata zile ambazo hazijabadilika. Haigusi ruhusa, haihamishi akaunti kutoka OU (fungu la akaunti au kompyuta ndani ya domeni) moja kwenda nyingine, wala haimwingizi mtu kwenye kikundi. Kama sera yako haimo kwenye orodha ya sera zinazomhusu mtumiaji, kompyuta itasoma orodha ileile isiyo na sera yako, haraka zaidi.

Tuanze na vikundi, maana hapa ndipo muda mwingi wa watu unapopotea. Idara ya uhasibu inataka diski Z ya mtandao. Umetengeneza GPO, yaani kifurushi cha mipangilio ya sera, umeiunganisha na OU ya wafanyakazi, ukaichuja iwahusu walio kwenye kikundi cha uhasibu tu. Vizuri. Saa nne asubuhi unaambiwa kuna mhasibu mpya, unamwongeza kwenye kikundi, unamfuata mezani na kupiga gpupdate /force. Diski haiji. Unapiga tena. Haiji.

Haitakuja hata ukeshe. Mtumiaji anapoingia, Windows humtengenezea tokeni yenye vikundi vyote alivyomo kwa wakati huo. Mhasibu wako aliingia saa mbili, kabla hujamwongeza. Tokeni yake haikijui kikundi cha uhasibu, na itabaki hivyo mpaka atoke kwenye akaunti na kuingia upya. Kufunga skrini na kuifungua hakutoshi, kwa sababu kikao ni kilekile. Kama kikundi chako ni cha kompyuta na si cha watu, kanuni ni hiyohiyo: kompyuta hujitambulisha kwenye domeni inapowaka, kwa hiyo izime na kuiwasha.

Na hapa ndipo imani potofu inapopata nguvu. Fundi anapiga amri, hakuna kitu. Anawasha kompyuta upya, mhasibu anaingia, diski hii hapa. Fundi anaondoka akiamini kwamba gpupdate ilifanya kazi ila ilichelewa kidogo. Kesho yake anamfundisha kijana wa mafunzo kwa vitendo hivyohivyo. Kilichotibu ni kuingia upya. Amri haikuchangia chochote.

Suala la akaunti iko wapi nalipita haraka. Mipangilio ya mtumiaji hufuata OU ilipo akaunti ya mtumiaji, si ilipo kompyuta yake. Ukiiunganisha GPO ya mipangilio ya watumiaji na OU ya kompyuta, hakuna kitakachotokea isipokuwa umewasha loopback, mpangilio unaofanya sera za mtumiaji zifuate kompyuta anayoitumia, na loopback usiiwashe kwa kubahatisha. Chumba cha mafunzo au kompyuta ya mapokezi inayotumiwa na kila mtu, sawa. Ofisi nzima, hapana.

Sasa jambo la 2016. Tarehe 14 Juni mwaka huo Microsoft walitoa sasisho la usalama MS16-072. Kabla yake, sera za mtumiaji zilisomwa kwa utambulisho wa mtumiaji mwenyewe. Baada yake, zinasomwa kwa utambulisho wa kompyuta. Sasa fikiria yale maelekezo ya zamani ambayo bado yanazunguka: ondoa Authenticated Users (kikundi cha watu na kompyuta zote zilizotambuliwa na domeni) kwenye kichujio, weka kikundi chako. Ukifanya hivyo bila kuongeza kitu kingine, kompyuta haina ruhusa ya kuisoma GPO, na mtumiaji haipati hata kama yumo kwenye kikundi sahihi, hata akitoka na kuingia kutwa nzima. Dawa iko kwenye kichupo cha Delegation cha GPO hiyo: ongeza Domain Computers (kompyuta zote za domeni), au Authenticated Users, na uipe Read, ruhusa ya kusoma, peke yake. Usiwape Apply, ruhusa ya kutekelezewa sera, maana Authenticated Users wakiwa nayo sera itamshukia kila mtu. Miaka yote hii imepita na bado nakutana na mitandao iliyofungwa na mtu aliyefuata mwongozo wa kabla ya sasisho hilo. Inanikera kwa sababu watumiaji ndio wanaoumia, na wanaambiwa kompyuta zao ni mbovu.

Yote hayo yanaonekana kwenye ripoti. Ukiwa kwenye akaunti ya mtumiaji mwenye tatizo andika gpresult /h ukifuatisha jina la faili la html, kisha ifungue kwenye kivinjari. Kuna orodha ya sera zilizotekelezwa na orodha ya zilizokataliwa, na kila iliyokataliwa ina sababu yake. Ikisema imezuiwa na usalama, angalia kichujio na tokeni. Ikisema ni tupu, umeweka mipangilio upande wa kompyuta ukidhani ni wa mtumiaji. Kama haipo kwenye orodha yoyote, GPO haijaunganishwa mahali akaunti ilipo.

Ila kuna mtego. Fundi anafika kwenye kompyuta ya mhasibu, anafungua dirisha la amri kama msimamizi, anaweka jina na nywila yake mwenyewe, kisha anaendesha gpresult. Ripoti inayotoka ni ya fundi! Anasoma mipangilio yake na kushangaa mbona diski ya uhasibu haimo. Ukihitaji dirisha la msimamizi, taja mtumiaji kwa /user. Na rsop.msc, dirisha la zamani la kuonyesha sera zilizotekelezwa, iacheni, tafadhali. Haionyeshi mipangilio ya sehemu ya GPO iitwayo Preferences, na diski za mtandao ziko hukohuko.

Wengine huniambia, "Lakini ameingia vizuri, kwa hiyo seva inaonekana." Si lazima. Kwa kawaida Windows hutunza taarifa za watumiaji 10 wa mwisho, hivyo mtu anaweza kuingia hata waya wa mtandao ukiwa umechomolewa. Ataona picha ya skrini ya jana na sera za jana. Nikiona hivyo naangalia kwanza DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani za mtandao. Kwenye ofisi nyingi ndogo ruta ya intaneti ndiyo inayogawa anwani, na inagawa 8.8.8.8 kama DNS. Google hawaijui domeni yako ya ndani, hawawezi kukuelekeza kwenye seva yako. Kuiweka kama DNS ya pili "kwa tahadhari" nako ni kosa, kwa sababu kompyuta ikihamia huko siku moja, siku hiyo sera hazisomwi. Angalia na saa: Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho kwenye domeni, kwa kawaida hukataa tofauti inayozidi dakika 5, na kompyuta ya zamani yenye betri iliyokufa kwenye ubao mama hupoteza saa kila umeme unapokatika. Kwenye kumbukumbu za matukio, namba 1129 inamaanisha kompyuta haikuifikia seva ya domeni, na 1058 inamaanisha haikuweza kusoma faili la gpt.ini lililoko SYSVOL, folda ya seva inayohifadhi sera.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vinalisema kwa uhakika kuliko mimi. Windows huwaka na kumruhusu mtu aingie bila kusubiri mtandao uwe tayari, kwa hiyo baadhi ya mipangilio, kama kuhamishia folda kwenye seva, huhitaji mtu aingie mara mbili ndipo ionekane. Kuna sera ya kuilazimisha kompyuta isubiri mtandao, na vitabu vinasema iwashe, umemaliza. Mimi nasita. Kwenye kompyuta za mezani zenye waya ni sawa kabisa, na malalamiko ya "leo diski ipo, kesho haipo" hupungua. Lakini mkurugenzi anayefungua laptopu yake akiwa safarini hataki kusubiri mtandao wa ofisi ambao haupo, na Wi-Fi nyingine huamka polepole kiasi kwamba kusubiri kwenyewe hakusaidii. Kwa sasa naiwasha kwenye OU ya kompyuta za mezani, laptopu naziacha, na watumiaji wa laptopu nawaambia mapema kwamba badiliko la folda litaonekana wakiingia mara ya pili.

Ukitaka kuniandikia, karibu sana. Ambatanisha ripoti ya html, niambie mtumiaji aliingia saa ngapi na ulimwongeza kwenye kikundi saa ngapi.