Imamu Ghazali hakuiua sayansi

Kila muhula tukifika karne ya 5 Hijria, jina la Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa zama hizo, halijakauka ubaoni kabla ya mtu kuuliza: "Ustadhi, si huyu ndiye aliyewafanya Waislamu waache sayansi?" Nimelijibu swali hili kwa wanafunzi, kwa wazazi wao, na hata kwa wasomi wenye shahada kubwa kuliko zangu. Sasa naliandikia.

Hadithi yenyewe husimuliwa hivi: Waislamu walikuwa vinara wa elimu, akaja Ghazali, akaandika Tahafut al-Falasifa (Mporomoko wa Wanafalsafa) mwaka 1095, akasema hesabu ni kazi ya shetani, na tangu siku hiyo giza likatanda. Mwanafizikia mmoja maarufu wa Marekani ameisimulia jukwaani mbele ya kamera, na wanafunzi huniletea video yake kama ushahidi. Video si ushahidi. Kitabu kipo, kimechapishwa, kimetafsiriwa. Kifungue. Na ukishakifungua, nakusihi usirukie suala la 17, linalohusu sababu na matokeo, kama wafanyavyo wengi. Anza na dibaji zake, maana humo ndimo mwandishi anamosema anapigana na nani na anamwacha nani.

Katika dibaji ya pili Ghazali anataja kupatwa kwa mwezi na jua. Anaeleza kama mwalimu wa falaki: mwezi hupatwa dunia inapoukinga na nuru ya jua, jua hupatwa mwezi unapopita kati yake na anayelitazama. Kisha anasema kwamba anayedhani kulipinga jambo hili ni kuitetea dini, huyo anaidhuru dini na kuidhoofisha, kwa sababu limesimama juu ya hoja za hesabu na handasa (jiometri) zisizoacha shaka. Ukimwambia mwenye hoja hizo kuwa zinapingana na sharia, hatazitilia shaka hoja zake. Ataitilia shaka sharia. Anaongeza kuwa dini hudhurika zaidi kwa anayeitetea bila kufuata njia yake kuliko kwa anayeishambulia. Ipo hata nyongeza ya hadithi iliyokuwa ikitumiwa kuwapinga wanafalaki. Anasema haikuthibiti, na kwamba hata ingethibiti, kuifasiri kungekuwa vyepesi kuliko kukanusha jambo la yakini. Huyu ndiye wanayesema aliharamisha hesabu!

Basi alipinga nini? Masuala 20 ya wanafalsafa, hasa Ibn Sina na al-Farabi. Katika masuala 17 aliwahukumu kwa bidaa. Katika matatu aliwahukumu kwa kufuru: kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mungu hajui mambo mojamoja ila kwa ujumla wake, na kwamba miili haitafufuliwa. Hukumu hiyo ni nzito na sitaipunguza uzito. Lakini hakuna suala hata moja kati ya hayo 20 linalobatilisha hesabu au mantiki. Lalamiko lake ni kwamba wanafalsafa walidai wana hoja za ilahiyati (elimu ya mambo ya Mungu) zenye nguvu sawa na za hesabu, na walipodaiwa hoja hizo kwa masharti ya mantiki yao wenyewe, hawakuweza kuyatimiza.

Mantiki aliipenda. Aliiandikia Mi'yar al-Ilm na Mihakk al-Nazar, na mwishoni mwa maisha yake akaifungulia nayo al-Mustasfa, kitabu cha usuli za fiqhi (misingi ya kutoa hukumu za sharia), akisema asiyeimudu elimu zake haziaminiki kabisa. Aliyetoa fatwa ya kuiharamisha mantiki ni mwanazuoni Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 1245, na huyo alimlaumu Ghazali kwa sentensi hiyohiyo.

Kuhusu tiba, soma kitabu cha kwanza cha Ihya Ulum al-Din, kitabu chake maarufu kuliko vyote. Tiba na hesabu ni fardhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima: mji ukikosa mtu wa kuzijua, wote wanaingia matatani. Analalamika kwamba iko miji isiyo na tabibu isipokuwa wasio Waislamu, ilhali watu wanasongamana kwenye fiqhi, hasa ya mabishano. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 900, na nikiangalia watoto wenye vipaji tunaowakatisha tamaa wasisome biolojia, naona bado yanatuhusu.

Suala la 17 lenyewe, lile la pamba na moto, halisemi usitegemee sababu. Linasema uhusiano wa moto na kuungua si wa lazima kwa nafsi yake, bali Mungu ndiye aliyeuweka na kuufululiza. Na humohumo anatoa maelezo ya pili yanayokubali kuwa vitu vina tabia zake. Anayetaka kujua Ghazali aliishi vipi na sababu asome mlango wa tawakuli (kumtegemea Mungu) katika Ihya: mwenye njaa aliyewekewa chakula akakataa kunyoosha mkono kwa madai ya tawakuli, huo ni wendawazimu mtupu.

Na hiyo sayansi iliyokufa, mbona iliendelea kuzaa? Al-Jazari alimaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206. Nasir al-Din, mzaliwa wa Tus huko Uajemi kama Ghazali, alianzisha kituo cha falaki cha Maragha mwaka 1259. Tabibu Ibn al-Nafis, aliyefariki 1288, alieleza jinsi damu inavyopita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo hadi mwingine. Mwanafalaki Ibn al-Shatir alikuwa mtunza nyakati za swala katika Msikiti wa Umayya, Damascus, msikiti uleule ambao Ghazali alijifungia mnarani mwake akifanya ibada. Hesabu za Ibn al-Shatir za mwendo wa mwezi zinalingana na zile za Copernicus, mwanafalaki wa Ulaya aliyekuja baadaye. Ukitaka kujadili kudorora, zungumzia dola, vita na fedha za kuendeshea vyuo. Wazo kwamba Uislamu uliinyonga sayansi lilipata nguvu Ulaya ya karne ya 19. Ernest Renan, msomi wa Kifaransa, alilihubiri katika chuo cha Sorbonne, Paris, mwaka 1883, na mwanafikra wa Kiislamu Jamal al-Din al-Afghani akamjibu mwaka huohuo. Tunalirudia leo kana kwamba tumelirithi kwa babu zetu.

Madai mengine ninayoyasikia nayajibu kwa ufupi.

Ghazali na Ibn Rushd, mwanafalsafa aliyeijibu Tahafut, hawakuwahi kukaa baraza moja. Ghazali alifariki Tus mwaka 1111, Ibn Rushd akazaliwa Cordoba, Andalusia, mwaka 1126.

Ihya haikuchomwa na maadui wa Uislamu. Iliyochomwa Cordoba mwaka 1109, mwandishi wake akiwa hai, ilichomwa chini ya dola ya Kiislamu ya Almurabitun kwa kuungwa mkono na mafaqihi wa Kimaliki, ambao kitabu hicho kiliwagusa pabaya.

Wanaosema aliondoka Baghdad mwaka 1095 akaitupa fiqhi mkono na kubaki Sufi tu, wamesoma nusu ya maisha yake. Alirudi kufundisha Nishapur mwaka 1106, na al-Mustasfa ni ya baada ya hapo. Kitabu chake cha fiqhi, al-Wajiz, kiliandikiwa sherehe (maelezo) na mwanazuoni al-Rafii, na Nawawi akaifupisha sherehe hiyo kuwa Rawdat al-Talibin. Kijana wa Lamu au Zanzibar anayesoma Minhaj, kitabu cha fiqhi cha Nawawi, anakunywa kisima ambacho Ghazali alishiriki kukichimba.

La mwisho ni la wanaompenda kupita kiasi: si kila hadithi iliyomo katika Ihya ni sahihi. Zimo dhaifu, na zimo zisizo na asili. Mwanazuoni wa hadithi Zayn al-Din al-Iraqi, aliyefariki 806 Hijria, alizichambua katika al-Mughni, na chapa nyingi huuweka uchambuzi huo chini ya kurasa. Nunua chapa hiyo, na kabla hujainukuu hadithi kwenye mimbari shusha macho kwanza usome alichosema al-Iraqi.