Kupunguza marudio katika majaribio ya programu bila kuyachelewesha

Majaribio otomatiki, yaani msimbo mfupi unaoipima programu bila mtu kuiangalia kwa mkono, huwa na marudio ya aina mbili, na mara nyingi tunapoondoa ya kwanza tunaongeza ya pili pasipo kutambua. Kuna marudio ya maandishi, pale mistari ileile ya maandalizi inaponakiliwa kutoka jaribio moja hadi jingine, na kuna marudio ya kazi, yaani yale ambayo kompyuta huyafanya upya kila jaribio linapoanza, hata kama maagizo yake yameandikwa mahali pamoja tu. Ushauri mwingi unaotolewa kwa watengenezaji programu unahusu aina ya kwanza, ilhali inayotufanya tungoje matokeo ni ya pili.

Tuchukue mfumo wa mikopo wa SACCOS ulioandikwa kwa Python na Django, mkusanyiko wa zana za kutengeneza tovuti kwa Python. Ili kupima kama mwanachama anastahili mkopo, ni lazima kwanza awepo mwanachama mwenyewe pamoja na wadhamini wake wawili, kila mmoja akiwa na akaunti yake ya kuingilia kwenye mfumo. Aliyechoshwa na kunakili maandalizi hayo huyahamishia kwenye setUp, sehemu ya maandalizi ya klasi (kundi la majaribio), na faili linakuwa fupi na safi. Hata hivyo, setUp huendeshwa kabla ya kila jaribio, kwa hiyo klasi yenye majaribio 40 itaunda akaunti 120, ingawa mengi ya majaribio hayo husoma tu taarifa za watu hao bila kuzibadilisha. Sehemu nzito zaidi ya kazi hiyo ni nywila. Katika Django 5.1 kila nywila hupitishwa kwenye mizunguko 870,000 ya PBKDF2, njia ya kuigeuza nywila kuwa alama zisizosomeka, na uzito huo umewekwa kwa makusudi ili atakayeiba hifadhidata apate taabu kuzikisia nywila zilizomo. Kwa akaunti 120 hiyo ni mizunguko milioni 104.4, nasi hatukukusudia kupima nywila hata mara moja.

Dawa ya kwanza ni setUpTestData, iliyoletwa na Django 1.8 mwaka 2015. Hii huendeshwa mara moja tu kwa klasi nzima, ndani ya muamala wa hifadhidata, yaani fungu la mabadiliko linaloweza kutenguliwa lote kwa pamoja. Kisha kila jaribio hupata muamala wake wa ndani, ambao hutenguliwa jaribio likiisha, na taarifa zikabaki kama zilivyoandaliwa. Akaunti 120 zinakuwa tatu.

```python
class MkopoTests(TestCase):
    @classmethod
    def setUpTestData(cls):
        cls.mwanachama = unda_mwanachama(wadhamini=2)

    def test_mkopo_hauzidi_mara_tatu_ya_akiba(self):
        weka_akiba(self.mwanachama, 200_000)
        self.assertTrue(anastahili(self.mwanachama, 600_000))
        self.assertFalse(anastahili(self.mwanachama, 600_001))
```

Msomaji ataona kwamba akiba ya 200,000 nimeiacha ndani ya jaribio lenyewe, ingawa majaribio mengine kadhaa yatahitaji mstari unaofanana na huo. Nafanya hivyo kila mara, kwa sababu kikomo cha mkopo kinatokana na kiasi hicho, na anayelisoma jaribio baada ya kufeli hapaswi kupanda juu ya faili, wala kufungua faili jingine, ili ajue 600,000 imetoka wapi. Kinachostahili kuhamishwa ni kile ambacho lazima kiwepo lakini hakiamui jibu.

Zipo tahadhari mbili. Kabla ya Django 3.2, jaribio lililobadilisha sifa ya self.mwanachama liliacha badiliko hilo kwenye kumbukumbu ya kompyuta hata baada ya hifadhidata kurejeshwa, na jaribio lililofuata likalirithi. Tangu toleo hilo kila jaribio hupewa nakala yake, mradi kitu chenyewe kinaweza kunakiliwa kwa deepcopy, yaani pamoja na vyote vilivyomo ndani yake. Pili, hifadhidata isiyo na miamala, kama MySQL yenye jedwali za MyISAM, huifanya setUpTestData iendeshwe kabla ya kila jaribio, na faida yote ya kasi hupotea.

Kuhusu nywila, mipangilio ya majaribio inaweza kutumia MD5PasswordHasher, ambayo ni nyepesi sana. Iwekwe kwenye faili la mipangilio ya majaribio peke yake, isifike kamwe kwenye mfumo unaotumiwa na watu.

Majaribio yanayotofautiana kwa tarakimu tu yana njia mbili, na hapa ndipo tofauti kati ya maandishi na kazi inapojitokeza waziwazi. Kipengele cha parametrize cha pytest, zana ya kuendeshea majaribio ya Python, hugeuza kila seti ya tarakimu kuwa jaribio kamili, lenye maandalizi yake upya. Kwa upande mwingine, subTest, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.4, hupitia seti zote ndani ya jaribio moja, maandalizi yakifanyika mara moja, na seti moja ikifeli nyingine huendelea kupimwa. Ninaichagua subTest kwa hesabu zinazosoma tu, kama riba na vikomo. Pale kila seti inapoandika kwenye hifadhidata ninachagua parametrize, kwa kuwa subTest haisafishi chochote kati ya seti moja na inayofuata.

Kurithi klasi ya msingi ndiyo njia ninayoiamini kidogo kuliko zote. Klasi hiyo ikiwa na japo jaribio moja ndani yake, kila klasi inayoirithi huliendesha tena, na faili linaloiingiza kwa import ili iirithiwe huweza kuliendesha mara nyingine zaidi. Funksheni ya kawaida kama unda_mwanachama hutosha karibu kila mahali, na haina madhara hayo.

Kabla ya kuhamisha chochote, pima. Amri ya pytest --durations=10 huorodhesha hatua 10 zilizochukua muda mrefu zaidi, ikitenganisha maandalizi na jaribio lenyewe kwa maneno setup na call, ila muda wa setUp ya TestCase huhesabiwa ndani ya call. Orodha ikijaa setup, anza na klasi iliyojitokeza mara nyingi; ikijaa call, angalia kwanza kama klasi hizo zina setUp nzito, na kama hazina, maandalizi yaache yalivyo, maana ucheleweshaji uko ndani ya jaribio au msimbo unaopimwa.