Mwanafunzi wa udaktari kitandani kwako: ridhaa, usiri na mahali pa kupeleka malalamiko

Kila mwaka, wanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari wanapoanza kuingia wodini, kamati yetu hupokea malalamiko yanayofanana. Mgonjwa hana ugomvi na dawa wala upasuaji. Anachosema ni kwamba alifunuliwa shuka mbele ya vijana kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyempa salamu. Safari hii yamezidi malalamiko ya picha. Nafundisha maadili na sheria za afya katika chuo cha tiba, na ni mjumbe wa kamati ya malalamiko katika hospitali yetu ya kufundishia, kwa hiyo nimeombwa nilieleze jambo hili kwa wananchi. Maelezo haya ni ya jumla. Shauri lenye mazingira yake linahitaji ushauri wake.

Nianze na picha. Mama mmoja alilazwa na kidonda cha kisukari mguuni. Mwanafunzi alikipiga picha kidonda akaituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa, akitaka wenzake wamsaidie kupanga kimefikia hatua gani. Uso haukuonekana, jina halikutajwa, hata namba ya kitanda aliikata. Ila chini ya mguu ule mama alikuwa ametandika khanga yake, na jina la khanga lilisomeka wazi: "Mgeni njoo mwenyeji apone". Pembeni ilikuwa na kiraka cha bluu alichokishona mwenyewe. Picha ikahama kundi hadi kundi. Siku ya nne ikamfikia binti yake aliyeko mkoa mwingine, ikiwa imeongezewa maneno ya kuwatisha watu kuhusu sukari. Binti aliitambua khanga kwanza, ndipo akautambua mguu.

Kijana yule hakuwa na nia mbaya, nami nilimwamini. Alidhani usiri wa mgonjwa unaishia kwenye uso na jina. Wengi wanadhani hivyo, wakiwemo madaktari wazoefu. Kumbe taarifa binafsi ni taarifa yoyote inayoweza kumtambulisha mtu, iwe moja kwa moja au kwa kuunganishwa na nyingine: kovu, hina ya mkononi, tarehe ya kulazwa, sauti, na khanga yenye kiraka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na uchakataji wake una masharti makali kuliko taarifa za kawaida. Mtu anayefichua taarifa binafsi kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni au taasisi, faini ni kuanzia shilingi milioni 1 hadi shilingi bilioni 5. Huo ni upande wa jinai. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo ina mamlaka yake ya kupokea malalamiko, kuchunguza na kutoza adhabu, na mwenye taarifa anaweza kudai fidia kwa madhara aliyopata. Nayataja yote haya kwa sababu nimewasikia wanafunzi wakisema kwamba adhabu ya picha ni "kuitwa ofisini". Kuitwa ofisini ni mwanzo tu.

Sasa niseme na wewe mgonjwa. Wanaokuja kitandani si watu wa namna moja, na koti jeupe haliwatofautishi. Mwanafunzi bado yuko katika ile miaka mitano ya shahada. Kwa taratibu zetu haruhusiwi kukuandikia dawa, kukupa majibu mazito ya vipimo, wala kukusainisha fomu ya ridhaa ya upasuaji. Daktari tarajali amekwisha kuhitimu. Yuko kwenye miezi kumi na miwili ya mafunzo kazini, amesajiliwa kwa ajili ya kipindi hicho, na anafanya kazi chini ya usimamizi. Daktari anayekwenda kusomea ubingwa ana usajili kamili, ingawa naye utasikia akiitwa mwanafunzi. Kwa hiyo anayelalamika kwamba "nilipasuliwa na mwanafunzi" tunamuuliza kwanza: mwanafunzi yupi? Mara nyingi tunakuta ni daktari mwenye miaka sita kazini.

Tangu shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilipofunguliwa mwaka 1963, madaktari wetu wamefundishwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Daktari aliyekuzalisha alijifunza kupima njia kwa mama mwingine aliyekubali. Ni mkopo ambao kila mgonjwa anakuta umeshatolewa na waliomtangulia, nami ningependa uendelee kutolewa. Lakini mkopo huombwa. Mwanafunzi anatakiwa kusimama mahali unapomwona, ataje jina lake, aseme yeye ni mwanafunzi wa mwaka gani, aeleze anachotaka kufanya, kisha angoje jibu. Ukisema hapana, anashukuru na kuondoka, na matibabu yako yanaendelea vilevile. Ukikubali kusikilizwa mapigo ya moyo, hujakubali kuchunguzwa sehemu za siri. Ukikubali wawili, hujakubali kumi na wawili. Ukikubali asubuhi, jioni unaweza kubadili mawazo.

Nimewahi kumwona mama akijifunika uso kwa upande wa mtandio wakati raundi inaendelea kitandani kwake. Mkufunzi akaendelea kuuliza maswali kuhusu uvimbe wake wa kizazi, wanafunzi wakajibu kwa zamu, mmoja akajibu vizuri akasifiwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini mgonjwa amejifunika. Hakuna sheria ya adhabu iliyovunjwa pale, kwani alikuwa amekubali kutibiwa katika hospitali ya kufundishia na hakusema neno. Lakini vijana kumi na wawili walifundishwa siku ile kwamba mtu aliyejifunika uso ni sehemu ya kawaida ya raundi. Somo hilo halipo kwenye mtaala wowote na wataliishi miaka arobaini. Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari cha mwaka 1948, liliongezewa mwaka 2017 maneno ya kuheshimu uhuru na utu wa mgonjwa. Wahitimu wetu wanakiapa. Wanayoyaona wodini ndiyo yanayowafundisha maana yake.

Liko jambo moja ambalo sitaki lipite kwa haraka. Mgonjwa akiwa amelala kwa nusu kaputi, hawezi kukubali wala kukataa. Wanafunzi wasitumie nafasi hiyo kujifunza uchunguzi wa njia ya uzazi au ya haja kubwa kwa mtu ambaye hakuulizwa akiwa macho. Kama uchunguzi huo ni sehemu ya mafunzo na si sehemu ya upasuaji wake, anaulizwa kabla, kwa lugha anayoielewa, na jibu linaandikwa kwenye faili. Hoja kwamba "hatajua" ndiyo inayolifanya kosa kuwa kubwa zaidi. Mgonjwa unayekwenda kufanyiwa upasuaji, una haki ya kuuliza: nani atakuwepo chumbani, na kuna atakayenichunguza kwa ajili ya kujifunza?

Kuhusu fomu ya ridhaa, yako mambo ambayo nimeyaeleza mara nyingi mno na bado yanarudi.

La kwanza ni la mume. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu anatia sahihi yake mwenyewe kwa mwili wake mwenyewe. Si mume, si mjomba, si mama mkwe. Nimeshuhudia familia ikizuia upasuaji wa mjamzito mpaka mume apatikane kwenye simu, na simu haipatikani, na mtoto tumboni anachoka. Hakuna sheria ya nchi hii inayotaka hivyo. Kushauriana na mwenzako ni jambo jema na tunatoa nafasi. Kumngoja mtu mwingine aruhusu wakati mgonjwa mwenyewe ameshasema ndiyo ni kumweka hatarini. Na daktari anayesema "nendeni mkamlete mume" naye amekosea, nalisema hilo bila kumung'unya maneno.

La pili, fomu haimkingi daktari aliyezembea. Umekubali upasuaji na hatari zake za kawaida ulizoelezwa. Hukukubali kusahauliwa kitambaa tumboni. Vilevile sahihi iliyopatikana mgonjwa akiwa tayari kwenye kiti cha magurudumu mlangoni mwa chumba cha upasuaji, bila maelezo, ni wino tu.

La tatu, dharura. Mtu aliyeletwa hajitambui, hana ndugu, anavuja damu, anatibiwa bila kusubiri sahihi ya mtu. Na majeruhi anatibiwa kwanza, PF3, yaani fomu ya polisi ya majeruhi, ifuate. Kila nikidhani wananchi wamelielewa hili, anatokea mtu aliyeanzia kituo cha polisi huku ndugu yake akivuja damu kwenye bajaji.

Kwa walio chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, ingawa mtoto naye aelezwe kwa kadiri ya umri wake. Kupima virusi vya UKIMWI ni tofauti: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe.

Tena tuelewane kuhusu simu. Usiri haumbani daktari peke yake. Ndugu wanaingia wodini wakirekodi video ili "ushahidi usipotee", wanamrekodi muuguzi, na nyuma yake wanaonekana wagonjwa watatu, mmoja akiwa kwenye chombo cha kujisaidia. Asubuhi video iko mtandaoni. Anayelalamikia siri ya mama yake amezitoa siri za mama za wenzake watatu! Ukiona kosa, andika saa, jina la wodi, jina lililo kwenye kitambulisho, na majina ya waliokuwepo. Huo ni ushahidi tunaoweza kuufanyia kazi kuliko video ya kelele.

Sasa utaratibu. Malalamiko yaanzie kwa mkuu wa wodi au ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kisha kwa mganga mfawidhi au mkurugenzi wa hospitali, kwa maandishi. Kama anayelalamikiwa ni mwanafunzi, hospitali inaliwasilisha shauri chuoni, kwa kuwa mwanafunzi hayumo kwenye daftari la baraza lolote na nidhamu yake iko chini ya kanuni za chuo. Mkufunzi aliyekuwa anamsimamia naye anatakiwa kueleza alikuwa wapi. Kama ni daktari, daktari wa meno, tabibu au mtaalamu wa afya shirikishi, shauri linaweza kufika Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi kwa Sheria Na. 11 ya mwaka 2017. (Jina Tanganyika linawachanganya watu: Zanzibar ina baraza lake.) Muuguzi au mkunga ana Baraza la Uuguzi na Ukunga, mfamasia ana Baraza la Famasia. Ukipeleka barua pasipohusika haitupwi, lakini utapoteza muda.

Barua iwe na jina la mgonjwa na namba ya faili, jina la kituo, tarehe na saa ya tukio, maelezo ya kilichotokea kwa mfuatano wake, jina la mtaalamu kama unalijua, nakala za vyeti au risiti, na namba yako ya simu. Barua zisizo na jina tunazipokea, ila shida yake ni hii: tukihitaji kukuuliza swali moja tu, hatuna wa kumuuliza. Mtaalamu hupewa nafasi ya kujibu kwa maandishi. Wananchi wengi huichukulia hatua hii kama kumlinda. Ni haki ya msingi, na uamuzi unaofikiwa bila kumsikiliza unaweza kutenguliwa. Akikutwa na kosa, baraza linaweza kumwonya, kumsimamisha, au kumfutia usajili kabisa.

Baraza halitoi fidia ya fedha. Narudia kwa sababu kila mwezi mtu anakuja na hesabu ya madai yake: fidia inadaiwa mahakamani. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu. Kama kituo ni cha Serikali, kabla ya kufungua shauri unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Anayekaa miaka miwili na miezi kumi akisubiri hospitali imjibu barua, halafu ndipo amtafute wakili, amejibana mwenyewe, kwani siku 90 hizo ni miezi mitatu.

Yule mama wa khanga hakutaka fidia. Mbele ya kamati alisema anataka picha ifutwe na kijana aje mwenyewe. Kijana alikuja, akapiga magoti, akaomba radhi. Mama akamwambia anyanyuke, akamuuliza ni mtoto wa nani na ametokea wapi. Kisha akataka aonyeshwe simu. Kijana akafungua, akafuta mbele yake. Mama akauliza, "Na kwa wengine?" Kijana alinyamaza, nasi wajumbe tukanyamaza, kwa sababu picha ilikuwa imekwisha kupita katika makundi ambayo hakuna aliyeweza kuyahesabu. Khanga alikuwa amekuja nayo, kaikunja mapajani, kile kiraka kimegeuziwa ndani.