"Geti si linafunguliwa saa tatu?" Dhana zinazowaharibia watu siku Disney World

Wateja wanaokwenda Walt Disney World, lile eneo la bustani za burudani huko Florida, Marekani, kwa mara ya kwanza wana hesabu yao: geti linafunguliwa saa tatu asubuhi, kwa hiyo tukifika saa tatu tumewahi. Hamjawahi. Mmechelewa kwa saa nzima.

Chukua Magic Kingdom, bustani kongwe kati ya nne zilizopo pale Florida. Ukiegesha gari bado hujafika. Kuna ukaguzi wa mifuko, halafu unapanda monoreli (treni ya reli moja) inayozunguka ziwa au kivuko kinacholivuka, ndipo unalikuta geti la tiketi. Tangu kuzima gari hadi kukanyaga ndani tenga dakika 45, na kama mna watoto na kigari cha kuwasukumia, saa nzima. Aliyefika maegesho saa tatu kamili anaingia saa nne, foleni zimeshafura.

Na zikishafura hazipungui kirahisi, kwa sababu kila mchezo wa kupanda una uwezo wake kwa saa na hauongezeki. Mchezo wa kubeba watu 1,500 kwa saa, ukikuta 3,000 mbele yako, umesimama saa mbili. Hapo bado hujawahesabu wenye Lightning Lane, ile njia ya kulipia, ambao hupewa kipaumbele foleni mbili zinapokutana. Wageni wa hoteli za Disney nao huingia nusu saa kabla ya wengine, kila siku. Wewe uliyelala hoteli ya nje ukaja saa tatu, wote hao wamekutangulia.

Kwa hiyo gari liwe limeegeshwa saa mbili. Ingieni, msubiri Main Street, barabara ya kuingilia ndani ya bustani, hadi kamba inayozuia watu ifunguliwe, kisha nendeni moja kwa moja kwenye mchezo wa Seven Dwarfs Mine Train au Peter Pan's Flight. Huyu Peter Pan anawadanganya wengi: vyombo vyake vinabeba watu wawili watatu tu, hivyo foleni inayoonekana fupi inakula muda mrefu. Mchezo wa Haunted Mansion ni kinyume chake. Viti vinapita mfululizo bila kusimama, na foleni inayotisha kwa macho inasogea. Hiyo iwekeni mchana. Picha za mbele ya kasri la Cinderella pia ziwekeni mchana, jamani. Kasri halihami.

Usiku nako kuna nafasi: ukiingia kwenye foleni kabla ya saa ya kufunga, hata kwa dakika moja, utapanda. Mchezo mmoja mkubwa uachieni muda huo.

"Lightning Lane tutanunua tukifika." Mnaweza, ila michezo mizuri itakuwa imechukuliwa. Wa hoteli za Disney huanza kuchagua siku 7 kabla, wengine siku 3, kwenye programu ya simu, saa moja asubuhi ya Florida. Kwa aliyeko Dar au Nairobi hiyo ni saa nane mchana wanapokuwa kwenye saa zao za kiangazi, kati ya Machi na Novemba, na saa tisa miezi mingine.

Kuna wanaonunua tiketi za Disneyland wakidhani ni hapohapo. Disneyland iko California tangu 1955, Disney World iko Florida tangu 1971. Kati yake ni Marekani yote, pwani hadi pwani. Soma tiketi kabla ya kulipa. Na bustani nne kwa siku moja, sahau. Eneo lote lina takriban kilomita za mraba 100. Siku moja, bustani moja.

Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, mradi hakuna chupa za glasi wala pombe. Maji msinunue: kaunta zinazouza soda za bomba hutoa kikombe cha maji ya barafu bure, ukiomba.

"Mwanangu ana miaka mitano, anatembea vizuri." Atatembea hadi saa saba, kisha utambeba. Chukua kigari, kisizidi upana wa sm 79 na urefu wa sm 132. Kimo nacho hakina maombezi: kimo cha chini kwenye mchezo wa Space Mountain ni sm 112, wa TRON sm 122, na kijiti cha kupimia kiko mlangoni. Mtoto asipofikia kimo hicho, mwombeni mhudumu Rider Switch, yaani kupanda kwa zamu, kabla mzazi wa kwanza hajaingia. Mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya.

La mwisho ni mvua. Kiangazi cha Florida huleta radi alasiri, na michezo ya nje husimamishwa. Familia nyingi hukimbilia kwenye gari. Msiondoke. Ingieni kwenye michezo ya ndani, vaeni makoti ya mvua mliyotoka nayo nyumbani, na radi ikipita muwe mlangoni mwa ile rola kosta iliyowashinda asubuhi.